Bobini ya Nne

Duka la behewa dogo halipo Tabora.
Niliuliza. Sokoni walinionyesha gari la plastiki,
jekundu, linapiga king'ora, linajikimbilia chini ya kabati.
Nikasema hapana, nataka daraja la tatu,
lile la mabenchi ya mbao na dirisha linalokwama nusu.
Muuzaji akamtazama mwenzake.

Basi naokoteza.

Kipimo changu: mita ya kweli, sentimita mbili za mezani.
Behewa zima laanzia kiwikoni
na kuishia kwenye vifundo vya vidole.
Nililichora mkononi kwa kalamu,
wino ukakaa siku tatu,
na kila aliyenipa mkono alisoma namba.

Mbao si tabu. Vipande vya mninga
maseremala wa Cheyo huvitupa kama maganda ya karanga.
Bati ni la kopo la mafuta ya kula,
limenyooshwa kwa nyundo juu ya kitako cha pasi.
Vioo ni eksirei, kifua cha shemeji yangu Lugembe,
nimekisugua kwa dawa ya kufulia mpaka mbavu zikaondoka,
zote ila moja. Hiyo nimeiweka dirisha la choo,
ubavu umekaa kama pazia.

Vishikio vya mlangoni ni vyuma vya mwavuli.
Mwavuli ulikuwa wa Nyamizi.
Umevunjwa na upepo, nilimwambia,
naye, baada ya miaka ishirini na sita na mimi,
alichungulia nje: jua, jani halitikisiki.
"Upepo wa huku," akasema, "una koleo."

Springi za kalamu niliziokota nje ya shule
jioni ya mtihani wa mwisho.
Ekseli ni spoki. Grisi ni nta ya nyuki wa Sikonge,
na behewa tangu hapo lanukia asali,
jambo ambalo daraja la tatu halijawahi kunukia.

Rangi niliifuata yadi.
Mlinzi, Kasongo, alitazama kwanza kama nina msumeno;
wengi huja pale kwa ajili ya shaba.
"Ganda moja tu," nikasema, "ukubwa wa ukucha."
Alilibandua mwenyewe kwa ufunguo wa nyumba yake.
Nikaliangalia kwa lenzi ya kutengenezea redio:
kahawia, chini yake maziwa, chini yake kijani,
na chini kabisa wekundu ambao baba aliujua,
yeye aliyepita usiku na nyundo, akigonga magurudumu, akisikiliza.
Zima hulia kengele, alisema. Lenye ufa hulia sufuria.

Magurudumu sasa.
Vifungo vya koti havina ukingo.
Vizibo vya soda vina meno.
Miezi minne behewa lililala kwa tumbo
mpaka suruali yangu ilipochanika nikaipeleka Gongoni kwa Tunu,
nikaona kinachozunguka chini ya sindano.
Bobini ya chuma, ukiikata kiunoni,
ni magurudumu mawili, na kingo zake, kama yamezaliwa relini.
Nahitaji nne. Alinipa tatu zilizokwisha kupinda.
"Ya nne nakuazima uitazame. Uitazame tu."

Nilikuwa nimeibana kwenye jiliwa,
meno ya msumeno yameshaigusa,
alipobisha hodi. Shule zinafunguliwa,
ana sare thelathini, uzi wa buluu hauna pa kukaa.
Nikailegeza. Akaifuta kwa kanga,
akauona mkwaruzo, hakusema kitu.

Kwa hiyo behewa linasimama kwa magurudumu sita
na kiberiti nyuma.
Jirani yangu Mayunga, mstaafu wa reli, aliuliza litatembea lini.
"Linasubiri spea," nikamwambia.
Alicheka mpaka akakaa chini.
Kisha akanyamaza, akalishika paa kwa kidole.

Usiku nimechukua bisibisi,
kwa mpini wake nagonga moja moja.
La kwanza. La pili. La tatu. La nne.
La tano, nadhani, ni sufuria.